Ua la mlimani katika bustani yetu: gladiola za mwituni na familia moja ya Nyamirambo



Safari hii tumeombwa tuandike juu ya jambo dogo la nyumbani kwetu ambalo wengi wanaopita mbele ya uzio wetu hulisimamia na kuuliza: yale maua marefu mekundu ya rangi ya chungwa ni maua gani, yametoka wapi, na kwa nini tunayatunza ilhali sehemu ya kupanda mboga yenyewe haitoshi? Maswali yote matatu ni ya haki. Tutajaribu kuyajibu inshaa Allah, na mwenye kutaka kupanda atapata humu namna ya kufanya.

Sisi ni familia ya watu tisa, tunakaa Nyamirambo, Kigali, katika upande unaopanda kuelekea Mlima Kigali. Parseli yetu si kubwa. Iko kwenye mteremko, imekatwa matuta matatu, na kila tuta lina kazi yake: maharagwe, lengalenga, kisamvu, ndizi chache, na tete la pembeni la kuzuia udongo usiporomoke. Mtu akituambia tupande maua, jambo la kwanza linalokuja kichwani ni sufuria.

UA LENYEWE NI LIPI?

Gladiola ni jamii kubwa. Wataalamu wa mimea wamehesabu aina zaidi ya 250, na nyingi kati ya hizo ni za Afrika. Afrika ya Kusini peke yake ina zaidi ya 160. Nyingine zipo Ulaya, nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania na Asia ya Magharibi. Jina lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni upanga mdogo, kwa sababu ya majani yake marefu yaliyochongoka.

Inayoota kwenye milima yetu ya Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo ni ile inayoitwa Gladiolus dalenii. Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Inapatikana kuanzia Afrika ya Kusini, ikapanda Afrika ya Mashariki na ya Kati hadi Ethiopia, ikaenda Afrika ya Magharibi, ikavuka hata bahari: iko Madagaska, na iko katika milima ya magharibi ya Bara Arabu, Yemen ikiwemo. Watoto wetu walipolisikia hilo la Yemen walifurahi sana, maana ni nadra kukuta kitu kinachoota juu ya kilima chao na juu ya vilima vya kule pia.

Bua lake huenda mita moja, mara nyingine mita moja na nusu. Maua hupangana upande mmoja wa bua, nayo huanza kufunguka kutoka chini kwenda juu. La kwetu ni jekundu la chungwa na koo lake ni la njano, lakini ziko za njano tupu na ziko za kahawia iliyochanganyika na kijani. Jani la juu la ua hujikunja mbele kama kofia ya kanzu ya Kimorocco. Chini yake ndege chozi huja asubuhi kunyonya asali, na akiondoka kichwa chake kimejaa unga wa njano. Huyo ndiye anayechukua chavua kutoka ua hili kwenda lile.

Chini ya udongo kuna tunguu, umbo lake kama kitunguu kilichobonyezwa, lakini ndani halina tabaka kama kitunguu maji. Ni kitu kimoja kigumu, cheupe au cha njano. Kila mwaka mmea hutengeneza tunguu jipya juu ya lile la zamani, na la zamani hunyauka. Kisha hutoa mizizi minene ya kujivuta, inayolishusha lile jipya lirudi kwenye kina chake. Pembeni huzaa vitoto vidogo vingi, vingine kama punje ya choroko.

Hapo ndipo ilipo siri ya ustahimilivu wake. Kiangazi kikija majani hukauka yote, ukadhani mmea umekufa. Moto wa nyikani ukipita, unachoma majani makavu tu. Mbuzi akila, anakula ya juu. Tunguu limekaa chini linangoja mvua.

MAUA YA HARUSINI NA MZAZI WAO

Bibi yetu, mama yake baba, ndiye aliyetufungua macho. Mwaka 2018 kulikuwa na harusi ya ndugu yetu, na ukumbi ulipambwa kwa gladiola kubwa za kununua, nyeupe na za waridi. Bibi akalishika moja, akaligeuza, akasema: "Hili lina ndugu yake huko juu kwetu. Ni dogo, lakini ndilo lenye nguvu."

Tulicheka. Kijana wetu aliyekuwa anasoma sayansi sekondari ndiye aliyekwenda kutafuta, akarudi na habari kwamba bibi alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Gladiola kubwa za madukani ni machotara. Moja katika machotara ya kwanza iliyopata umaarufu ilizalishwa na mtunza bustani aitwaye Bedinghaus, huko Enghien, Ubelgiji, ikaanza kuuzwa mwaka 1841 na Louis Van Houtte wa mji wa Gent. Ndiyo maana ikaitwa gandavensis, yaani ya Gent. Mmoja wa wazazi wake ni hii dalenii, na mwenzake alikuwa aina nyingine ya Kiafrika. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, dalenii ya njano kutoka karibu na maporomoko ya Victoria kwenye mto Zambezi ilichukuliwa Uingereza, nayo ikachanganywa humo humo.

Kwa hiyo shada tunalolinunua kwa faranga nyingi kupamba ukumbi ni mjukuu wa ua tunalolikata kwa panga tunaposafisha kiwanja. Hatusemi hivi kwa kumlaumu yeyote. Kila taifa hufuga kinachomfaa. Ila ni vizuri mtu akijua kwamba mzazi wa kile anachokithamini bado yupo mlangoni kwake.

MTETEMEKO WA KATAPILA

Mwaka 2020 kipande cha mteremko nyuma ya nyumba zetu, ambacho siku zote kilikuwa nyasi na vichaka, kiligawanywa viwanja. Ndipo tulipozipata gladiola nyingi kuliko mahali pengine popote tunapopajua. Mwenye kiwanja ni mtu mwema. Tulimwendea kwa heshima tukamweleza, akasema: "Chimbeni mnachotaka kabla ya kazi kuanza. Mimi najenga nyumba, sijengi nyasi."

Tulikuwa na majuma matatu. Ilikuwa mwezi wa Agosti, kiangazi, majani yamekauka, na ndiyo saa nzuri kuliko zote kuhamisha, kwa kuwa tunguu limelala. Tabu ni kuyaona, kwani juu hakuna alama ila bua kavu. Bibi alikaa kwenye jiwe, macho yake tayari yalikuwa hafifu, lakini aliwaelekeza wajukuu: "Nendeni pale palipo na mawe, si pale penye kivuli." Alikuwa sahihi karibu kila mara, maana ua hili hupenda jua na penye mwinuko unaopitisha maji.

Tulitoa matunguu arobaini na moja. Tulikusanya pia mbegu chache zilizobaki kwenye vikasha vyake vikavu. Mbegu zake ni bapa, zina utando mwembamba pembeni kama bawa, na upepo huzibeba.

Katapila lilipokuja, kwa siku mbili pale palikuwa udongo mtupu mwekundu. Leo pana nyumba nne nzuri, na wanaokaa humo ni majirani zetu wapendwa. Lakini pale mlimani ua lile halipo tena.

JE, SI ISRAFU?

Hapa ndipo palipokuwa na mazungumzo marefu nyumbani, na tunayaandika kwa sababu tunajua familia nyingi zitayapitia.

Baba alisema wazi: bei ya maharagwe inapanda, watoto wanakula, na ardhi aliyotupa Mwenyezi Mungu ni hii. Kuitoa kwa kitu kisicholiwa si israfu? Mama alisema ua si israfu, ila kulipa maji ya bomba kulimwagilia wakati jirani hana ya kupikia ndiyo israfu. Kaka mkubwa akasema watu wanaweza kuyauza. Bibi alinyamaza siku mbili, halafu akasema maneno machache: "Maharagwe mtapanda tena msimu ujao. Hili likiondoka, mtalinunua wapi?"

Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu halikuwa linauzwa mahali popote.

Tukakubaliana hivi. Tuta la maharagwe lisiguswe hata shubiri moja. Maua yapewe ukanda wa mbele ya uzio, upana wa hatua moja na urefu wa hatua tano, mahali palipokuwa na kokoto na ambapo lengalenga lenyewe lilikuwa linagoma. Yasimwagiliwe kwa maji ya kununua. Na yakifa kwa kukosa huduma hiyo, basi tutajua hayakuwa ya kwetu. Baba aliridhika na sharti hilo. Wazee wa darsa nao walitukumbusha kwamba ndege anachokipata katika kilichopandwa na Muislamu hakipotei bure, na chozi naye ni ndege.

Hayakufa. Mwezi wa Oktoba mvua za umuhindo zilipoanza, panga ndogo za kijani zilitokeza. Mwaka huo machache tu yalitoa maua. Mwaka uliofuata, 2021, tulihesabu mabua ishirini na sita. Bibi aliyaona, au tuseme aliyashika, maana macho yalikuwa yamezidi kudhoofika. Alirehemewa mwaka 2022. Miche ya mbegu ilichanua mara ya kwanza mwaka 2023. Hiyo hakuiona, lakini ni yeye aliyesema tusitupe zile mbegu.

NAMNA YA KUPANDA

Tunaandika tuliyoyafanya hapa Kigali, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, udongo mwekundu mzito. Mwenye udongo mwingine atapima.

1. Mahali. Jua la kutwa, au angalau la nusu siku. Maji yasituame. Kama ni bonde linalojaa maji, inua tuta kwanza.

2. Udongo. Udongo wetu ni mfinyanzi, kwa hiyo tulichanganya mchanga wa kokoto na mboji iliyoiva. Samadi mbichi usitie kabisa, huozesha tunguu.

3. Kina. Katika udongo mzito sentimita 8 hadi 10. Katika udongo wa kichanga unaweza kwenda hadi 15. Nafasi kati ya tunguu na tunguu ni kiganja kimoja. Upande bapa wenye kovu la mizizi uwe chini.

4. Wakati. Agosti mwishoni au Septemba, kabla ya mvua. Ikishachipua, mvua yenyewe inatosha.

5. Kukata maua. Kata bua, si majani. Acha majani manne au zaidi, kwa sababu hayo ndiyo yanayolisha tunguu la mwaka ujao. Maua yakishapita, vumilia majani yawe ya njano na kukauka yenyewe. Watoto wetu walikuwa wanataka kuyafunga fundo yapendeze. Hapana, yaachwe yapate jua.

6. Kiangazi. Usimwagilie. Hiki ndicho kigumu kwa wenye huruma. Tunguu linalolala likipewa maji kila siku huoza.

7. Mbegu. Panda kwenye kopo lenye matundu, funika kwa udongo mwembamba tu, nusu sentimita. Baada ya wiki tatu hadi sita hutoka vijani kama nyasi. Mwaka wa kwanza zitabaki kama nyasi, na mtu asiyejua atazing'oa, basi weka alama. Maua hupatikana kwa kawaida mwaka wa tatu.

8. Vitoto vya tunguu. Vina ganda gumu. Viloweke usiku mmoja, kisha uvipande. Hivi huchanua mapema kidogo kuliko mbegu.

9. Maadui. Fuko ndiye wa kwanza. Anapenda matunguu kama sisi tunavyopenda viazi. Tulitandaza waya wa kuku chini ya shimo na pembeni, tukapanda ndani yake. Wa pili ni thripsi, wadudu wembamba wanaoacha michirizi ya fedha kwenye majani na kulemaza tumba. Kwetu aina ya mwituni iliguswa kidogo tu. Gladiola za dukani alizopanda jirani karibu na hapo ziliguswa sana.

Na neno la tahadhari kwa wazazi: katika sehemu nyingi za Afrika tunguu hili hutumika kama dawa ya kienyeji. Sisi hatulili wala hatumpi mtu. Watoto wafundishwe wasitie mdomoni, na mgonjwa apelekwe hospitali.

KWA NDUGU WALIO ULAYA

Dada yetu yuko Ubelgiji, naye alitaka kuwa na ua la nyumbani. Mimea na mbegu za kupanda haziingizwi huko bila cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo hatukumtilia kwenye sanduku la nguo. Alinunua dalenii kwa muuzaji wa huko huko. Kule adui ni barafu. Gladiola za kawaida za dukani hung'olewa kila vuli na kuwekwa ndani hadi baridi iishe. Aina ngumu za mwituni huachwa ardhini. Yeye alipanda sentimita 15 chini, karibu na ukuta unaopata jua, na kila Novemba hufunika kwa majani makavu. Imevuka baridi mara tatu.

Kwa walio kwenye baridi kali zaidi, ipo ile ya Mediterania iitwayo byzantinus, ya zambarau iliyokolea, nayo huvumilia zaidi na kuchanua mwishoni mwa majira ya kuchipua. Mwenye kupenda harufu nzuri atafute murielae, nyeupe yenye doa la zambarau kooni, asili yake ni Afrika ya Mashariki kuanzia Ethiopia kuteremka kusini. Lakini hiyo haipendi barafu, lazima iingizwe ndani.

Wala msichimbe za mwituni za huko. Uingereza wana aina moja tu ya kwao, illyricus, katika msitu wa New Forest, na inalindwa na sheria.

LINALOTUUMIZA

Mwaka 2024 alikuja mfanyabiashara mmoja wa maua, akayapenda. Alitaka kununua matunguu yote kwa mkupuo, na tulipokataa, akauliza mahali pa mlimani yanapopatikana, atalipa vijana wamchimbie. Pesa aliyotaja ingelipa ada ya mtoto mmoja kwa muhula. Hatutasema uongo kwamba hatukuizungumza usiku ule. Tuliizungumza mpaka saa sita.

Tulichokubaliana ni hiki. Matunguu yaliyozaliwa kwenye ukanda wetu ni riziki yetu, na tunaweza kuyauza kidogo kidogo. Yaliyoko mlimani si yetu. Yale arobaini na moja tuliyoyachukua yalikuwa yameshahukumiwa, na mwenyewe alitupa ruhusa. Kuchimba kilima kizima kilicho hai ili kujaza gari ni jambo jingine, na hilo hatukumwelekeza. Tulimuuzia mbegu. Aliona miaka mitatu ni mingi, akaondoka na pakiti mbili tu.

Kwa hiyo tunaomba: mkiyaona mlimani, chukueni vikasha vichache vya mbegu vilivyokauka na mwache vingine vidondoke. Tunguu msilichimbe, isipokuwa pale ambapo tingatinga linakuja kweli na mwenye ardhi ameruhusu. Ndani ya hifadhi za taifa kama Akagera na Nyungwe hairuhusiwi kuchukua mmea wowote.

Sasa hatuna yote kwenye uzio mmoja. Familia sita za mtaa wetu zimepewa, na wanafunzi wa madrasa wana kopo zao ishirini za miche ya mwaka wa pili, inayofanana na nyasi. Baba, aliyeuliza habari ya israfu, ndiye anayewazuia watoto wa jirani wasiing'oe. Mvua za umuhindo zikianza, mwenye kutaka vitoto vya tunguu aje na kopo lake na udongo wake. Hatuuzi kwa jirani. Sharti letu ni moja tu: mwaka wa tatu naye atoe kwa mwingine.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika ardhi zetu na amrehemu bibi yetu na wazee wenu wote waliotangulia.